Mwaka Niliokuwa Mkalimani wa Mama Mkwe

Tulimzika mama mkwe wangu mwezi wa pili mwaka huu, siku ambayo ardhi ya Toronto ilikuwa imeganda hata wachimbaji wakaleta mashine ya kuvunjia lami. Alikuwa mzee wa kutosha. Alikufa kitandani kwake baada ya kunywa chai, hakumsumbua mtu. Kwenye ukumbi wa kanisa, watu walipokuwa wanakula, mchungaji alisimulia jinsi Mungu alivyomponya saratani zamani, akasema, "Mkwe wake yupo hapa, ndiye shahidi wa muujiza ule." Watu wakageuka kuniangalia. Nikasimama, nikasema marehemu alikuwa mama yangu, nikawashukuru waliokuja licha ya baridi, nikakaa. Sikuukana muujiza. Lakini nilijua kwamba ulikaribia kuharibika, na kwamba aliyekaribia kuuharibu ni mimi. Niliishia darasa la saba na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Hata hivyo jambo hili nalijua lote, mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo naweza kuliandika kama lilivyokuwa.

Ulikuwa mwaka 1997. Tulikaa ghorofa ya kumi na moja, barabara ya Dixon, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege ikishuka kijiko kinalia ndani ya kikombe. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili: kimoja changu na mke wangu Yustina, kingine cha mama yake na binti yetu mdogo Neema. Kwetu Kigoma nililelewa kwamba mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao kabisa. Nyumba ile haikujengwa kwa ajili ya desturi hiyo, lakini tuliiweza. Nikirudi kazini nilikohoa kwenye korido kabla ya kuingiza ufunguo, naye alijifunika kanga kichwani na kuingia chumbani. Asubuhi nilisubiri mpaka nisikie mlango wake umefungwa ndipo niende bafuni. Yeye aliniita Baba Neema, mimi nilimwita Mama, na maneno yote mengine yalipita kwa Yustina. Watoto wa siku hizi wakinisikia nikieleza hivyo wanacheka, wanadhani tulikuwa tumegombana. Hatukuwahi kugombana. Ile ilikuwa heshima, na heshima ile ilikuwa na joto lake. Nilikuta chakula changu kimefunikwa kila siku, na kipande kikubwa cha samaki kilikuwa changu.

Saratani yake ilikuwa ya mlango wa kizazi. Yustina ndiye aliyempeleka kwenye mionzi ya nje, siku tano kwa juma, akiwa na mimba inayoonekana tayari. Kisha mimba ikaanza kutishia kutoka. Wakamlaza Yustina katika hospitali nyingine, upande wa magharibi, wakamwambia asishuke kitandani na asibebeshwe wasiwasi wowote. Kwa mama yake ilikuwa imebaki tiba ya mionzi ya ndani, mara nne, mara moja kila juma. Mimi nilifanya kazi zamu ya mchana katika kiwanda cha Rexdale, nikipulizia rangi makabati ya chuma ya ofisini, kwa hiyo asubuhi nilikuwa huru. Yustina alinishika mkono akiwa amelala. "Utaweza?" akaniuliza. Nikasema, "Nitashindwaje kukaa kwenye benchi?" Nilidhani kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye benchi.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Doreen, Mjamaika mwenye miwani mikubwa iliyofungwa kwa mnyororo. Alinipa karatasi na mfuko, akanieleza taratibu, kama mtu aliyezoea watu wanaoitikia kwa kichwa bila kuelewa. Siku moja kabla ya tiba, mgonjwa asile maharage, majani ya mboga wala maziwa. Jioni anywe dawa ya kulainisha choo. Asubuhi alale ubavu wa kushoto, aingize ncha ya kichupa kile cha plastiki njia ya nyuma, akiminye, asubiri, aende choo. Kwenye karatasi walikuwa wamepiga mistari miwili chini ya maneno yanayosema utumbo uwe mtupu. Doreen alinitazama juu ya miwani. "Nikutafutie mkalimani mwanamke? Itachukua siku chache, lakini tutampata." Nikamwambia hakuna haja. Nilikuwa na sababu mbili. Mama alikuwa amesema mtu yeyote wa kwetu asijue anaumwa nini, na kwa kanisa lote yeye alikuwa na "tumbo" tu. Sababu ya pili ni majivuno, na hiyo sikumwambia Doreen.

Kwenye basi Mama alikaa mbele, mimi viti viwili nyuma yake. Nilipanga maneno njia nzima. Tulipofika nyumbani, nikasimama mbele ya mlango wa chumba chake nikitazama zulia, nikasema, "Mama, wamesema ule kidogo, na jioni unywe hii." Nikaacha chupa ya kunywa mezani. Boksi la kile kichupa kingine nikalipandisha juu ya kabati la jikoni, nyuma ya unga. Kuhusu maharage sikusema kitu, kwa sababu kusema maharage kungenilazimisha kueleza kwa nini. Ningeweza kumpigia Yustina simu, kwani simu ilikuwa pale kando ya kitanda chake. Nilijiambia nisimtie wasiwasi. Ukweli ni kwamba sikutaka ajue kwamba kazi aliyonipa ilinishinda siku ya kwanza.

Siku ya kuamkia tiba niliomba ruhusa kazini. Jioni wakaja kinamama watatu wa kanisa kutoka Malvern, mabasi mawili na theluji juu, wakiongozwa na Mama Furaha, mwanamke wa Uvira mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya ziwa. Walikuja na sufuria limefungwa kwa kitenge. Nilikuwa chumbani kwangu, na kuta za nyumba zile ni karatasi.

"Mama, kula basi! Umekonda, unabaki shingo tu," nilimsikia Mama Furaha. "Hii maharage nimeipika tangu asubuhi. Na sombe iko hapa."

"Nimeambiwa nile kidogo."

"Nani amekuambia? Dokta? Dokta yeye anakula sandwichi, anajua nini? Kesho unaenda lopitali, utaenda na nguvu gani?"

Wenzake wakacheka. Mama akacheka pia, nikasikia vijiko. Alikula yote mawili, maharage na ile sombe ya majani ya muhogo. Angekataaje chakula cha watu waliovuka jiji zima kwenye theluji? Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na karatasi ya Doreen mfukoni, ukuta mmoja tu kati yangu na sufuria lile, na sikuinuka.

Asubuhi Doreen aliuliza maswali matatu. Amekula chakula chepesi? Ametumia dawa zote? Amekwenda choo vizuri? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, bila hata kumgeukia Mama, aliyesimama pembeni yangu na kanga yake akitazama saa ya ukutani. Wakampa usingizi, wakamwekea vifaa: vijiti vyembamba vya chuma vyenye uwazi ndani, ambavyo mashine hupitishia punje ya mionzi mpaka kwenye uvimbe, na kitambaa kilichoshindiliwa ili visisogee. Wakapiga picha. Nilikuwa kwenye benchi, na niliona kwenye nyuso zao walipotoka kwamba mambo hayakwenda sawa. Daktari alikuwa ameongozana na mpiga hesabu wa mionzi, Mpolandi mrefu anayeitwa Tadek, mwenye kalamu nne mfukoni. Daktari alinieleza kwa ufupi kwamba leo hawataweza. Akatoweka. Tadek akabaki, akaniita ndani ya chumba chake, akabandika picha kwenye taa.

Vile vijiti vilionekana vyeupe. Mbele yake palikuwa na kibofu, na nyuma yake utumbo, umejaa, na mapovu meusi ya hewa, umetuna na kusogea mbele mpaka karibu ugusane na vyuma. Tadek aliuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia. Akatabasamu kidogo. "Basi wewe utanielewa haraka. Mlango wa kabati ukiwa umebonyea, sehemu moja ikawa karibu zaidi na bomba lako la rangi, inakuwaje?"

"Pale rangi inakuwa nzito. Inachuruzika."

"Hata kama ni upana wa kidole?"

"Hata nusu kidole."

"Ndivyo ilivyo mionzi. Lakini hii rangi haifutiki." Akaweka kalamu juu ya picha. "Nikipiga kama nilivyopanga, utumbo unaungua, na miezi ijayo atatoka damu, au utatoboka. Nikipunguza, ugonjwa unapata kidogo. Mimi nataka ndani yake pawe vilevile mara zote nne. Kibofu tunakitoa mkojo na kukijaza maji ya kipimo kilekile kila mara, hicho ni juu yetu. Utumbo siwezi kuupimia mimi. Utumbo unapimwa jikoni kwenu."

Nikauliza kama hawawezi kumsafisha sasa hivi. Akasema si pale, akiwa na vyuma ndani. Ilibidi vitolewe, arudi siku nyingine, alazwe usingizi upya. Na siku hazikuwa nyingi. Tiba yote, ya nje na ya ndani, ilitakiwa iishe ndani ya majuma manane, kwa sababu ugonjwa huo ukipewa nafasi ya kupumua huanza kuota tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kuupa nafasi hiyo.

Mama alipozinduka nilikuwa nyuma ya pazia. Akauliza kwa sauti ya ulevi wa dawa, "Wamemaliza?" Nikasema, "Bado, Mama. Leo haikuwezekana." Kisha akasema, "Nimekosea nini?" Nimesikia maneno mazito katika maisha yangu, nimezika watu, lakini swali lile ndilo lililoniinua kwenye kiti. Nikamfuata Doreen kwenye meza yake, nikamwambia nilimdanganya. Nikamwambia ndiyo zote tatu zilikuwa hapana, boksi liko juu ya kabati nyuma ya unga, na jana mgonjwa amekula maharage kwa sababu hakuna aliyemkataza. Nilitegemea anifokee. Alivua miwani, akaiacha ining'inie.

"Huyu ni mama yako?"

"Mama wa mke wangu."

"Aa," akasema, kama mtu aliyeonyeshwa ufunguo. "Baba yangu asingeweza kutaja hata goti mbele ya bibi yangu. Sasa sikiliza. Kile kichupa mlete mapema, nitamfanyia mimi mwenyewe. Lakini chakula na dawa ya jioni viko nyumbani kwenu, siwezi kuja kulala huko. Mtu lazima amwambie, na amwambie yote. Ni wewe au nitafute mtu?"

Nikasema ni mimi. Safari hii hayakuwa majivuno. Yalikuwa deni la ulimi, na aliyekopa ndiye hulipa.

Jioni ile Neema alipolala, nilikwenda jikoni. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa nusu wazi. Nikageukia jiko, nikampa mgongo, nikashika karatasi. Nikasema, "Mama, siku ile sikukwambia yote. Kosa lilikuwa langu, si lako. Sasa nitasoma karatasi yote, na pale pabaya utanisamehe." Nikasoma. Maharage, majani, maziwa. Dawa ya jioni na saa yake. Ubavu wa kushoto. Njia ya nyuma. Choo. Nilieleza kibofu na maji yake, na utumbo unavyotuna, na vyuma, na kwamba visiposimama mahali pamoja tiba inageuka kidonda. Masikio yaliniwaka kana kwamba jiko lilikuwa limewashwa. Nilipomaliza nikasikia kitanda kikilia, na sauti yake ikatoka mlangoni, karibu kuliko nilivyozoea.

"Baba Neema, nilikuona ukipandisha lile boksi."

Sikugeuka.

"Lina picha ubavuni. Sijui kusoma lakini picha naijua. Nikasema, mkwe wangu ananihifadhia heshima, na mimi nimhifadhie yake. Nikanyamaza."

"Mama…"

"Nimezaa watoto saba. Haya yangu yote niliiacha juu ya kile kitanda chao cha miguu juu. Mwenye haya ni wewe." Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Tungeniua kwa adabu, mimi na wewe. Haya, nisomee tena. Ile ya jioni ni saa ngapi?"

Nikasoma tena. Nimefikiri sana juu ya usiku ule, na sikubaliani na wanaosema desturi zetu zilikuwa za kijinga. Desturi ile ilitulinda mimi na yeye miaka yote tuliyobanana ndani ya vyumba viwili. Ila haikutungwa na watu waliojua kwamba siku moja uhai wa mama utategemea mkwe wake kutaja choo. Watu waliotunga wangeliona jambo lile, wangefungua mlango. Tulifungua sisi.

Jumapili iliyofuata, Mama Furaha akaja tena na sufuria. Safari hii nilikuwa sebuleni na sikukimbilia chumbani. Mama alimkaribisha, akamkalisha, akaliweka sufuria chini ya meza.

"Dada, hayo maharage sitakula."

"Mama, sasa umeanza kuringa?"

"Siumwi tumbo. Nina saratani ya mlango wa kizazi. Wananiwekea moto ndani, na maharage yako yamenipotezea zamu nzima."

Mama Furaha alishika kifua kwa mikono miwili. "Yesu wangu! Na mimi nilitia na mawese!"

"Ulitia na mawese. Nilifurahia sana."

Wakacheka mpaka wakalia, kisha wakalia kweli. Mama Furaha alipopata pumzi aliuliza, "Basi unakula nini? Niambie mimi, niambie sasa." Mama akanyoosha kidole kwangu. "Muulize Baba Neema, yeye ndiye mwenye karatasi." Nikamsomea mwanamke yule karatasi yote, njia ya nyuma ikiwemo, na hakuna paa lililoanguka. Tangu siku hiyo, kila siku ya kuamkia tiba, zilikuja kutoka Malvern bakuli mbili: wali mweupe na samaki wa kuchemsha bila kiungo, kiasi kilekile. Mama Furaha aliuita "chakula cha vita" na hakuruhusu mtu mwingine aonje.

Daktari alibana zamu mbili katika juma moja ili kulipia ile iliyopotea. Tuliishi kwa saa. Chakula saa kumi na mbili jioni, dawa saa moja, hakuna kitu baada ya hapo. Asubuhi tulitoka kukiwa na giza, Neema tukimwacha kwa jirani, naye Doreen alimchukua Mama nyuma ya pazia na kile kichupa, akiimba chini chini. Kwenye basi sasa nilikaa kiti cha jirani yake, ili aweze kuniuliza. Aliuliza mengi. Alitaka kujua punje ya mionzi ina ukubwa gani, na kwa nini wote wanakimbia chumba wakati yeye anabaki, na kama Mpolandi yule ana mke. Kila mara Tadek aliniita kuona picha. Zamu ya kwanza tuliyoirudia, na ya pili, utumbo ulikuwa umelala chini, bapa, mbali na vyuma. Zamu ya tatu akaibandika picha yake juu ya ile ya pili, zikalingana hata nikadhani ni moja. Zamu ya nne alinionyesha tu kwa kalamu, akakoroga kahawa yake. Tulimaliza ndani ya majuma manane, zikiwa zimebaki siku mbili. Yustina alijifungua mtoto wa kiume majuma machache baadaye, mzima, na ndipo nilipomweleza yote. Alimaliza kwanza kunyonyesha. Kisha akasema, "Simu ilikuwa pale kitandani," na nikasema, "Ndiyo, ilikuwepo." Hajalirudia tena.

Mwezi wa sita tuliitwa kwa uchunguzi. Safari hii walikuwa wamempata mkalimani, mama wa Kikenya mwenye suti, mpole, aliyemwamkia Mama kwa heshima zote. Mama alimshukuru, akamwambia, "Usione vibaya, mwanangu. Nimemzoea huyu. Huyu anasema yote." Wakampima, nikasubiri nje ya pazia, kisha daktari akaniita ndani. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kanga imemteremkia mabegani. Daktari alizungumza kwa muda, nami nilimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamgeukia Mama, nikamtazama usoni.

"Anasema mlango wa kizazi ni laini. Uvimbe hauonekani. Hakuna kidonda. Utumbo uko salama, kibofu kiko salama. Utarudi kila baada ya miezi mitatu. Anasema hawezi kukuahidi maisha, hakuna daktari anayeweza, lakini leo haoni saratani."

Akaweka mikono magotini. Daktari alisubiri, Doreen alisubiri.

"Rudia, Baba Neema," akasema.

Nikarudia kuanzia mwanzo: mlango wa kizazi, uvimbe, kidonda, utumbo, kibofu, miezi mitatu, na lile la kutoahidi, na sikupunguza kitu.